Wageni Wawili Waliokosa Imani

Kwanza niseme wazi kwamba sisi Waneemani hatuna ubaya na wageni. Tunawapenda sana, hasa wakiwa wanaingia. Nasema hivi kwa sababu kuna watu ng'ambo ya mpaka wanaoeneza maneno kuhusu yaliyowapata Nyamizi na mumewe Maganga, na mimi, nikiwa mzalendo, nimeona niyaeleze mambo kama yalivyotokea, ili kila mwenye akili timamu aone jinsi serikali yetu ilivyowatendea wema.

Pesa ya Neemani inaitwa imani. Zamani ilikuwa na jina jingine, lakini wananchi walianza kusema hadharani kwamba hawana imani na pesa ya nchi yao, na maneno hayo yakamfikia Mheshimiwa Baba Mlezi wa Taifa. Siku hiyohiyo akaibadilisha jina. Tangu hapo hata mchuuzi wa mihogo ana imani mbili tatu mfukoni, na mtu akisema hana imani, polisi humwita pembeni wamwulize ana maana gani.

Kiwango cha kubadilishia kilipangwa na Gavana wa Benki Kuu, Profesa Ndaluka, katika hotuba iliyorushwa redioni mara nyingi hadi kasuku wa jirani yangu akaijua. "Thamani ya pesa yetu," alisema Gavana, "si suala la soko. Sokoni wanauza vitunguu. Thamani ya pesa yetu ni suala la adabu!" Kwa adabu hiyo, dola moja ikawa imani mbili. Kwamba kwenye vibanda vya vinyozi mjini dola moja iliuzwa imani arobaini, hilo Gavana hakulijua. Yeye hunyolewa nje ya nchi.

Nyamizi na Maganga nao hawakulijua.

Nyamizi alikuwa akiuza mchele na maharage katika mji mdogo wa nchi jirani. Maganga alikuwa fundi baiskeli, na fundi wa kweli, mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Wakasikia habari za hospitali yetu ya macho, ile tuliyojengewa na wafadhili, ambayo tunaisifu sana ingawa wakubwa wetu wakiumwa macho huenda kwingine. Upasuaji ulikuwa dola mia sita. Wakauza kiwanja chao cha kando ya barabara, ambacho walikuwa wamekiweka kwa ajili ya uzee, wakapata dola mia nane. Nyamizi akazifunga kwenye kitambaa kiunoni, akamshika mumewe mkono, wakaja kwetu.

Mpakani walipokewa na bango kubwa lenye maua: MGENI KARIBU, FEDHA YAKO IPUMZIKE. Chini ya bango alikaa afisa mmoja mchangamfu sana.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mna fedha gani?"

"Dola, mwanangu," alisema Nyamizi.

"Ngapi?"

Nyamizi alisita. Afisa akatabasamu, akamweleza kwamba sheria ya nchi inamtaka kila mgeni abadilishe dola zake zote hapohapo, maana dola ni fedha ya watu wengine na hatupendi kuona wageni wetu wakihangaika na mzigo usio wao. Zikafunguliwa kiunoni, zikatoweka chini ya dirisha, na badala yake ukaja mfuko wa plastiki wenye noti za imani elfu moja na mia sita, mpya, zinanukia wino, kila moja ina picha ya Baba Mlezi akicheka.

"Nyingi hivi!" Nyamizi akamnong'oneza mumewe.

"Si nilikwambia?" alisema Maganga. "Nchi hii ina utaratibu."

Nje ya geti Nyamizi aliagiza chai mbili na mkate. Muuza chai akamtajia imani sitini. Nyamizi akadhani amesikia vibaya, akauliza tena, akajibiwa tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayemsemesha kiziwi. Alilipa. Alikunywa ile chai taratibu sana, huku ameushikilia mfuko magotini, na Maganga alipomwuliza mbona amenyamaza, akasema ni ya moto.

Hospitalini walipokewa vizuri vilevile. Daktari alimpima Maganga, akasema macho yatapona kabisa, mzee ataona hata mstari wa nywele. Maganga alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Kisha wakaelekezwa dirisha la malipo.

"Wageni hulipa kwa dola," alisema karani, bila kuinua uso.

"Dola zangu mmezichukua mpakani, mama. Hizi hapa ndizo mlizonipa."

"Hizo ni imani."

"Ndiyo."

"Hospitali ya serikali haiwezi kupokea imani kutoka kwa mgeni. Itaonekanaje?"

"Lakini serikali si ndiyo iliyonipa?"

"Iliyokupa ni idara nyingine," alisema karani kwa upole. Na ni kweli. Sisi idara zetu haziingiliani. Ndiyo siri ya amani yetu.

Nyamizi akamwacha mumewe nyumba ya wageni, akaenda Benki Kuu kuomba abadilishiwe tena. Foleni ilikuwa ndefu, yenye viti, na waliokuwa mbele walikuwa wamekuja na magodoro yaliyokunjwa. Zamu yake ilipofika alimkuta meneja mwenyewe, amevaa tai yenye rangi za bendera, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, una haki kabisa," alisema meneja. "Dola moja ni imani mbili kuinunua, na ni imani mbili kuiuza. Sisi hatuli faida. Taja nchi nyingine yenye uungwana huo."

"Basi nipe dola zangu, baba. Mume wangu haoni."

"Bei ni hiyo, mama, tena nzuri sana. Dola zenyewe ndizo hakuna."

"Zitakuja lini?"

Meneja akasimama, akafunga vifungo vya koti, kama watu wetu wafanyavyo wakiulizwa swali. Alizungumza kuhusu maadui wa maendeleo, mvua, na dhamira isiyoyumba. Alipomaliza, waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi, maana walikuwa wamezoea. Nyamizi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za benki, na hapo ndipo alipoitwa kwa jina lake na mtu anayesema lugha ya kwao.

"Mama Nyamizi? Ni wewe?"

Alikuwa Shilinde, mtoto wa jirani yao Kalunde. Alikuwa ameondoka nyumbani miaka mingi nyuma kwenda kutafuta maisha, na mama yake hajui hata kama anakula. Sasa alikuwa mtu mzima, shati jeupe, funguo za gari mkononi. Nyamizi alimkumbatia akalia palepale. Unajua mtu akiwa ugenini jinsi anavyolia akisikia lugha ya mama.

Huyu Shilinde alipokuwa mdogo aliumwa na nyoka shambani, na hapakuwa na gari wala dawa. Maganga alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa kanga mgongoni asidondoke, akakanyaga pedali mchana kutwa hadi zahanati ya misheni. Daktari wa pale alisema wangechelewa kidogo tu wangerudi na maiti. Kwa hiyo Maganga aliposikia sauti yake pale nyumba ya wageni, alinyoosha mikono yote miwili mbele yake kama mtoto.

Shilinde alitoka kidogo, kisha akarudi na chakula cha jioni. Ugali na samaki wa kukaanga. Akakaa karibu na Maganga, akamchambulia samaki miiba yote, akawa anamwekea minofu mkononi. "Kula baba," alisema. "Wewe ndiye baba niliyebaki naye."

Nyamizi akamweleza kila kitu. Shilinde alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dola zipo, mama. Zipo nyingi. Ila si za dirisha la mbele. Mimi namwendesha Naibu Gavana. Kuna dola za wakubwa, zinatoka mlango wa nyuma kwa kiwango kilekile cha serikali. Nikisema ni wazazi wangu, hawezi kukataa."

"Si kosa hilo?" aliuliza Maganga.

"Kosa ni kwenda kwa vinyozi, baba. Hii ni benki yenyewe."

Maganga alifikiri kidogo, kisha akasema, "Wewe ukisema, mwanangu, mimi nimekubali."

Kesho yake asubuhi Shilinde aliwachukua kwa gari la Naibu Gavana, Maganga akiwa amekaa mbele, akipapasa dashibodi na kusifu. Wakafika nyuma ya benki, kwenye mlango wa chuma. "Nipe huo mfuko, mama," alisema Shilinde. "Nisubirini hapahapa." Nyamizi akautoa ule mfuko, akautia mikononi mwake.

Kabla hajaondoa vidole, wakatokea askari watatu, na wa nne alikuwa na kamera.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa ng'ambo hulirudia sana, nami sioni kwa nini. Nyamizi alijirusha mbele ya askari akasimama kati yao na Shilinde. "Mwacheni kijana!" alipiga kelele. "Hana kosa! Nimemtuma mimi! Nikamateni mimi, ana mama yake huyu!" Askari wetu ni watu wenye heshima. Hawakumcheka mbele ya uso wake. Waligeuka kwanza.

Shilinde aliangalia viatu vyake, akapelekwa upande mmoja, wao wakapelekwa upande mwingine.

Wakiwa mahabusu, Nyamizi aliwaza zaidi habari za Shilinde kuliko zake. Walipoletewa mkate alikata kipande, akamwomba askari wa kike aliyekuwa zamu ampelekee yule kijana aliyekamatwa nao, maana hajala. Yule askari alikichukua, akakitazama, akataka kusema kitu, akaondoka nacho. Sijui alikipeleka wapi.

Kesi ilisikilizwa haraka, kwa kuwa sisi hatupendi kumchelewesha mgeni. Ukumbi ulijaa, redio ya taifa ikafunga vinasa sauti mezani. Mwendesha mashtaka alisoma shtaka: kwamba washtakiwa, wakiwa wageni waliopokewa kwa ukarimu, walikutwa wakijaribu kuachana na imani kwa makusudi.

"Mlipewa imani mpakani," alisema Hakimu Mpelembe, mzee wetu mwenye busara, "bila kudaiwa chochote isipokuwa dola zenu. Hazikupita hata siku chache mkazichoka. Je, kama kila mgeni atafanya hivi, taifa litabaki na nini?"

Hakimu akaita shahidi.

Shahidi aliingia amevaa suti. Akaapa kwa sauti ya wazi kwamba atasema kweli tupu. Maganga, aliyekuwa ameinamisha kichwa, aliinuka ghafla kizimbani akiwa anatabasamu, akaielekea ile sauti.

"Shilinde! Wamekuachia, mwanangu? Mungu mkubwa! Mama yako angekufa! Umekula?"

Hakimu aliacha kuandika. Shilinde akamtazama mwendesha mashtaka.

"Kaa chini, baba," Nyamizi alimwambia mumewe, akimvuta shati. Yeye alikuwa na macho. Alikuwa ameiona suti, ameona kiti alichowekewa Shilinde karibu na mwendesha mashtaka, ameona glasi ya maji mbele yake.

"Kwani vipi?"

"Kaa tu."

"Shahidi aendelee," alisema hakimu.

Akaendelea. Alieleza jinsi alivyowaona wageni kwenye ngazi za benki, jinsi alivyoshuku, jinsi alivyotoa taarifa kwa vyombo vinavyohusika jioni ileile. Kila neno lilipotoka, Maganga alikuwa akikaa kidogo zaidi, mpaka akawa amekaa kabisa, mikono magotini, akisikiliza kama anayesikiliza pancha ndani ya maji.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Kwa kuzingatia uzee wao, hawakufungwa, waliamriwa tu watoke nchini. Imani walizobaki nazo zilitaifishwa: nusu iende Hazina, na nusu, kwa mujibu wa Sheria ya Raia Macho, apewe aliyetoa taarifa. Na kwa kuwa Shilinde alikuwa ameishi Neemani miaka yote hiyo bila karatasi, akijificha kila msako ulipopita, sheria hiyohiyo ilimpa uraia. Ili kupunguza gharama, sherehe ilifanyika palepale mahakamani. Hakimu alimvika Nishani ya Uaminifu, daraja la tatu, tukaimba wimbo wa taifa, na washtakiwa wakaamriwa kusimama. Walisimama. Waseme watakavyo, walisimama vizuri.

Kisha wakarudishwa mpakani kwa gari la serikali, bure.

Pale kukawa na tatizo dogo. Mgeni anayetoka hulipa ada ya kuaga, dola kumi kwa kichwa, na ni lazima iwe dola. Nyamizi alimweleza yule afisa mchangamfu kwamba hawana dola, na kwamba wamehukumiwa kwa sababu ya kuzitafuta.

"Nimesikia redioni, poleni sana," alisema afisa. "Lakini mkikaa bila kutoka mtakuwa mmekaidi amri ya mahakama, na mkitoka bila kulipa mtakuwa mmetoroka. Nawashauri msifanye lolote kati ya hayo."

Wakakaa kwenye benchi chini ya bango lenye maua. Jua likapanda. Muuza chai aliwaletea maji, hakuwadai. Nyamizi alimfuta mumewe vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

Mchana gari la Naibu Gavana likafika. Shilinde akashuka peke yake. Hakuwa amevaa suti wala nishani. Alikuja mpaka mbele ya benchi, akachuchumaa, akaweka noti mbili za dola kumi juu ya goti la Nyamizi. Alikuwa ameipeleka zawadi yake ya Raia Macho kwa vinyozi, akaongezea imani zake chache, na hicho ndicho kilichotoka.

"Lipeni mpite, mama," alisema.

Nyamizi hakuzigusa.

"Walinikamata mimi kwanza," alisema Shilinde kwa sauti ya chini. "Mwezi uliopita. Waliniambia nilete mtu au wanirudishe kwa pingu. Mama yangu angeniona narudi kwa pingu."

"Shilinde," alisema Maganga. Ilikuwa mara ya kwanza afungue kinywa tangu mahakamani. "Nikuulize kitu kimoja."

"Uliza, baba."

"Ulipokuwa unanichambulia yule samaki. Ulikuwa umeshawaambia, au ulikuwa hujawaambia?"

Lori moja likavuka geti, vumbi likatua.

"Nilikuwa nimeshawaambia," alisema.

Maganga akaitikia kwa kichwa, polepole. "Lipa, mke wangu," alisema. "Tukikataa tutabaki huku, pamoja nao."

Nyamizi akachukua zile noti akaenda dirishani. Afisa alizipokea kwa mikono miwili, hakuuliza zimetoka wapi, maana dola ikishafika dirishani huwa ni safi. Alipowagongea mihuri akawatakia safari njema na kuwaomba watutangaze vizuri huko waendako.

Shilinde aliwafuata mpaka kwenye mstari mweupe uliochorwa barabarani, ambao sasa, kama raia, angeweza kuuvuka na kurudi kama apendavyo. Hakuuvuka.

"Mama Nyamizi," aliita. "Nakuomba kitu kimoja tu. Mama asijue. Mwambie umeniona, ni mzima. Basi."

Nyamizi aligeuka akamtazama. Hakuahidi, hakukataa. Akamshika mumewe mkono wakaondoka.

Huo ndio ukweli, na sisi Neemani tunauona kuwa mfano bora wa sheria kufuata mkondo wake. Tatizo ni kwamba redio yetu, kwa nguvu ya mitambo tuliyopewa na wafadhili, inasikika mpaka ng'ambo.

Wafanyabiashara waliovuka baadaye wametusimulia yaliyobaki. Wanasema siku moja asubuhi, Nyamizi akichagua mawe kwenye mchele uani na Maganga akiwa amekaa kando yake, akipapasa mnyororo wa baiskeli alioshindwa kuufunga, Kalunde, mama yake Shilinde, aliingia bila hodi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na amebeba jogoo kwapani. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mwenzangu!" alisema. "Nimesikia redioni kwa masikio yangu! Mwanangu yu hai! Kavikwa nishani, na hakimu, mbele ya watu! Nishani ya Uaminifu! Na wewe hukuniambia! Nimeuliza watu, wakasema mlikuwa huko siku hizo hizo. Mmemwona? Mmemwona mwanangu akivikwa?"

Maganga aliacha kupapasa mnyororo.

"Tulikuwapo," alisema Nyamizi.

"Basi niambie! Nimekuletea jogoo huyu, nisimulie kila kitu, usiache hata kidogo. Alikuwaje?"

Nyamizi aliweka ungo chini. Aliutazama ule uso wa mama aliyengoja habari hiyo miaka yote, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amegeuza macho yake yasiyoona kuelekea ukutani. Akasimama, akampokea jogoo, akamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko. Akaleta kigoda chake mwenyewe, akakifuta kwa kiganja.

"Kaa chini kwanza, dada," alisema.